Wanampenda kibwengo, wanamtenga mwenzao: kufundisha urafiki kwa hadithi za kinjozi

Swali: "Nafundisha watoto wa miaka 9 na 10, wako 42 darasani. Nina nakala moja tu ya kitabu cha hadithi za kinjozi, chenye viumbe wanaosema na milango ya siri, nami huwasomea kwa sauti. Wanakipenda mno. Nikiuliza wamejifunza nini, wote hujibu kwamba tuwe marafiki wema na tusibaguane. Kengele ya mapumziko ikilia, msichana yuleyule anaachwa peke yake kama jana. Je, hadithi za namna hii zinafundisha urafiki kweli? Kama ndiyo, nizitumieje?"

Jibu

Mwalimu, watoto wako hawakudanganyi. Wamejibu swali waliloulizwa. Mtoto wa miaka 9 akiulizwa "tumejifunza nini" mwishoni mwa hadithi, anajua mtu mzima anasubiri sentensi gani, naye anaitoa. Lakini sentensi hiyo haina mahali, haina wakati, wala haina maneno ya kutamka. Akifika uwanjani hajui aifanyie nini. Hadithi ya kinjozi inaweza kufundisha urafiki, tena vizuri, ila haifanyi kazi hiyo yenyewe. Hufundisha pale mwalimu anapoikatiza kabla ya uamuzi mgumu, akawaacha watoto waamue, kisha akawavusha hatua kwa hatua kutoka ulimwengu ule hadi kwenye madawati yao.

Kuvuka huko ndiko kunakowashinda watoto, hasa wadogo. Mwaka 2008 Marie-Louise Mares na Emily Acosta walichapisha utafiti wa Marekani kuhusu watoto wa chekechea walioonyeshwa katuni ya mbwa mwenye miguu mitatu aliyeogopwa na wenzake. Lengo la katuni lilikuwa kufundisha kuwakubali walio tofauti nasi. Walipoulizwa funzo, watoto wengi walizungumzia mbwa: tuwe wema kwa mbwa wenye miguu mitatu. Huko Toronto, Nicole Larsen, Kang Lee na Patricia Ganea waliwasomea watoto wa miaka 4 hadi 6 hadithi ya kugawana vitu. Waliosomewa toleo lenye wahusika watu waligawa stika zao zaidi baada ya kusikiliza; waliosomewa toleo lenye wanyama wenye tabia za watu hawakuongeza chochote.

Sasa linganisha na kilichotokea Italia. Loris Vezzali na wenzake waliwachukua wanafunzi wa darasa la tano, wakakutana nao mara moja kwa wiki kwa wiki 6, katika vikundi vidogo, wakisoma vipande vya Harry Potter vinavyohusu ubaguzi na kuvijadili pamoja na mtafiti. Waliojiona ndani ya mhusika mkuu walibadilisha mtazamo wao juu ya watoto wahamiaji ukawa mwema zaidi, na matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2015. Watoto hao walikuwa wakubwa zaidi, vipande vilichaguliwa makusudi, na kila kipande kilifuatwa na mazungumzo. Darasa lako liko katika umri huohuo. Unachokosa ni mazungumzo yenye mpangilio.

Huenda ukajiuliza kwa nini usichukue tu hadithi ya watoto wa kawaida shuleni. Hadithi inayofanana mno na darasa lako hufunga midomo. Ukisoma kuhusu msichana anayetengwa uwanjani, macho yatageukia dawati moja, mwenyewe atainama, na waliomtenga watajitetea badala ya kufikiri. Kibwengo wa hadithini aliyeachwa nje ya lango hana dawati. Watoto watamlaumu, watamtetea, watabishana juu yake kwa sauti, na hakuna atakayeaibika. Tena kinjozi hukuza gharama ya urafiki hadi ionekane kwa macho: anayemsaidia mwenzake anapoteza uwezo wa kuruka, anayetoa siri anaona mlango unajifunga mbele yake.

Anza kwa kuchagua vipande, si kitabu kizima. Vitano au sita vinatosha kwa wiki 6. Kila kimoja kisizidi maneno 1,000 hivi, ambayo ni kama dakika 10 za kusoma kwa sauti bila kukimbia. Kipande kinachofaa kina marafiki wanaokosana na kupatana, na kila upande una sababu inayoeleweka. Ukikisoma, jiulize ni nani aliyeutengeneza urafiki ulipoharibika. Kama ni pete, dawa au neno la uchawi, kiache. Mtoto hana pete, na kipande hicho kitamfundisha kusubiri muujiza. Kinachofaa ni kile ambamo uchawi upo kila mahali isipokuwa kwenye kuombana radhi.

Kuna aina nyingine mbili za kuepuka. Moja ni hadithi ya mteule, ambamo mtoto mmoja amechaguliwa kuokoa ulimwengu na rafiki zake wapo kumbebea mizigo. Hesabu maamuzi ambayo rafiki anafanya kwa akili yake mwenyewe. Ukikosa hata mawili, huo si urafiki, ni utumishi. Nyingine ni hadithi ambayo kabila zima la viumbe ni waovu kwa kuzaliwa. Ukiitumia kufundisha urafiki, umeshafundisha pia kwamba wapo wasiostahili urafiki kwa sura zao. Na kwa ajili ya msichana wako, chunguza jambo moja zaidi: kasoro ya kiumbe anayetengwa isifanane na kile anachotaniwa nacho. Kama anataniwa kwa kigugumizi, usisome kuhusu kiumbe mwenye kigugumizi. Kama ni mgeni darasani, usianze na mgeni.

Umri nao unaamua maswali. Robert Selman, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard, katika kazi yake ya mwaka 1980, alieleza jinsi watoto wanavyoelewa urafiki kwa ngazi zinazopandiana. Mtoto mdogo humwita rafiki yule anayecheza naye sasa hivi. Kati ya takriban miaka 6 na 12 wengi huuona kama nipe nikupe: tukielewana leo tuko pamoja, tukikosana umekwisha. Ngazi inayofuata, inayoanza kujitokeza karibu na miaka 8, ni urafiki unaovumilia ugomvi kwa sababu watu wawili wanajuana na wanaaminiana. Darasa lako liko kati ya ngazi hizo mbili. Kwa hiyo swali la "nani alikosea" halitawasogeza mbali, maana hesabu ya nani kamkosea nani wanaijua vizuri mno. Waulize kitu kilicho hatua moja juu: "Kwa nini hakuondoka ingawa alikuwa na haki ya kukasirika?" au "Anajua nini kuhusu rafiki yake ambacho wengine hawakijui?"

Tuseme kitabu chako kina Zuhura na wenzake wawili wanaosafiri na kibwengo anayeona gizani. Wanafika kwenye lango, na mlinzi anasema watapita watatu tu. Wale wawili wanamtazama Zuhura, maana yeye ndiye aliyemleta kibwengo. Katika kipindi cha dakika 35, soma hadi hapo na ufunge kitabu. Usidokeze kinachofuata. Wape dakika 2 waandike kimya sentensi moja: Zuhura afanye nini, na kwa nini. Kuandika kwanza ni lazima, kwa sababu mkianza kwa kunyoosha mikono, watoto watano wenye sauti watakuwa wameamulia wengine 37. Kisha waongee wawiliwawili kwa dakika 3. Kusanya ubaoni njia nne tofauti, si majibu 20. Kama zote ni za ukarimu, ongeza wewe ile ambayo hakuna aliyethubutu kuitaja: wamwache kibwengo, wamwambie watarudi. Wengi walikuwa wakiifikiria.

Sasa wapange mistari miwili inayotazamana, watoto 6 kila upande. Wengine wakae wakisikiliza. Mtoto mmoja, akiwa Zuhura, anapita katikati polepole. Upande mmoja humnong'oneza sababu za kumwacha kibwengo, upande mwingine sababu za kubaki naye. Akifika mwisho anasema ameamua nini na ni sauti ipi iliyomsukuma. Pitisha Zuhura wawili au watatu. Zoezi hili huchukua dakika 8, na uzito wake uko kwenye ule upande wa kumwacha. Watoto wanasikia kwa masikio yao sababu zinazotumika kila siku: "Atatuchelewesha." "Hata hivyo si mwenzetu." "Wao wakikasirika nitabaki peke yangu." Hii ya mwisho ikitamkwa, iandike ubaoni na uizungushie duara. Mara nyingi mtoto anayemtenga mwenzake hamchukii, ila anaogopa kuwa wa pili kutengwa.

Ndipo usome kilichotokea, na kipindi kiishe hapo. Usiongeze funzo. Najua ni vigumu, kwa sababu mwalimu amezoea kufunga somo kwa muhtasari, lakini ukitamka funzo sasa utapata tena ile sentensi ya "tuwe marafiki wema", na kipindi cha pili kitakuwa kimekufa kabla hakijaanza.

Kipindi cha pili, siku moja au mbili baadaye, ndicho cha kuvusha. Kina hatua tatu, na usiruke hata moja. Kwanza, elezeni tukio bila kiumbe, bila lango, bila uchawi, kwa sentensi moja: "Mtu aliambiwa amwache rafiki yake ili yeye akubaliwe." Watoto watarudisha kibwengo mara mbili tatu, wasaidie kumtoa. Hapa ndipo wale wa mbwa wa miguu mitatu walipokwama, kwa hiyo usiharakishe hata ikichukua dakika 7. Pili, ulizeni jambo hilo hutokea wapi shuleni, kwa sharti moja linalotangazwa mapema: tunataja mahali na wakati, hatutaji mtu. Utapata majibu kama kugawana timu, kukaa wakati wa chakula, kuunda vikundi vya kazi, kuondoka baada ya kengele ya mwisho. Tatu, chagueni tukio moja na mtunge maneno halisi ya kutamka pale. Si "nitamjali", bali "Nafasi bado ipo, njoo", au "Tukianza mchezo mwingine unaingia", au kwa yule anayeshinikizwa, "Mimi nacheza naye, nanyi njooni." Waigize kwa watatuwatatu, kwa watoto 42 ni vikundi 14 kamili. Dakika 2 kila mzunguko, mizunguko mitatu, ili kila mmoja akae nafasi zote tatu: anayetengwa, mtengaji na anayeshinikizwa.

Mwongozo wa kugawa nafasi: mtoto anayetengwa kweli asianze kama anayetengwa, na mtoto mwenye tabia ya kutenga asianze kama mtengaji. Wapange wewe. Kwenye mzunguko ambao zamu ya msichana wako ya kutengwa inafika, muite akusaidie kushika muda, au ubadilishe tukio. Hahitaji mazoezi ya maumivu anayoyajua.

Tatizo la nakala moja halikuzuii. Andika mazungumzo muhimu, mistari 8 hadi 12, kwenye karatasi kubwa na uibandike ukutani. Pembeni yake chora chati ya imani: chini ziandikwe sura au vipande, na kando namba 0 hadi 5. Kila baada ya kipande, darasa linakubaliana Zuhura na kibwengo wanaaminiana kiasi gani, na anayetoa namba lazima ataje maneno au tendo katika hadithi linalomfanya aseme hivyo. Ndani ya wiki tatu nne watoto wataona jambo ambalo hakuna hotuba inayoweza kulionyesha: mstari unaweza kushuka kutoka 5 hadi 1 kwa tendo moja, lakini haurudi juu kwa neno "samahani" moja. Ukitaka waandike, wape kazi ya barua ya maneno 80 hadi 100 kutoka kwa Zuhura kwenda kwa kibwengo. Barua iwe na mambo manne: nilichofanya, jinsi kilivyokuumiza, nitakachofanya, na kukubali kwamba unaweza usinisamehe leo. Neno "lakini" haliruhusiwi, wala uchawi.

Makosa yanayoharibu kazi hii ni machache, ila ni mazito. La kwanza ni jina la utani. Watoto wakianza kumwita mwenzao "kibwengo", hadithi imegeuka silaha. Kata siku hiyohiyo, ongea pembeni na waliolisema, na uhamie kitabu kingine kama jina limeshika. La pili ni kila mtoto kujiona Zuhura. Katika hadithi wote ni mashujaa. Hakuna anayejiona miongoni mwa wale wawili waliosimama langoni wakitazama. Kwa hiyo rudia tukio kwa upande wao. Mweke mtoto kwenye kiti mbele, awe mmoja wa wale wawili, na darasa limuulize maswali matano, kama haya: uliogopa nini, ungesema nini kama Zuhura asingekuwepo, ulilala usingizi usiku ule? Nawathamini sana wahusika hawa wa pembeni. Wengi darasani wako upande wao, na ndio wenye uwezo wa kubadilisha mambo wakiwa hata wawili tu.

La tatu linahitaji uangalifu kuliko yote. Hadithi za kinjozi hupenda kuusifu urafiki wa siri na wa kujitoa mhanga. Rafiki wa kweli, zinasema, hafungui mdomo hata akiteswa, wala haondoki hata akidharauliwa. Mtoto akiichukua hivyo nje ya kitabu anaweza kuumia. Tenga angalau kipindi kimoja kuchambua siri: siri ya zawadi inatunzwa, siri inayomfanya mtu aogope, aumie au aguswe asivyotaka inapelekwa kwa mtu mzima anayeaminika, hata kama uliahidi kunyamaza. Sema waziwazi kwamba kuitoa siri ya namna hiyo si usaliti. Na pale mhusika anapovumilia dharau ya "rafiki" yake sura baada ya sura, uliza kama alikuwa na haki ya kuondoka. Jibu ni ndiyo, na watoto walisikie kutoka kwako.

Wazazi wengine watahofia uchawi uliomo hadithini. Watumie mapema muhtasari wa vipande ulivyochagua na lengo la kila kimoja. Malalamiko mengi huzaliwa na kusikia habari nusu kutoka kwa mtoto.

Sasa kuhusu uwanja wenyewe. Urafiki hauamrishwi. Huwezi kumlazimisha mtoto ampende mwenzake, na ukijaribu utapata tabasamu mbele yako na kinyongo nyuma yako. Kinachoweza kuwekwa kuwa kanuni ni kuruhusu mtu acheze. Vivian Paley, aliyefundisha chekechea katika shule za Chuo Kikuu cha Chicago ziitwazo Laboratory Schools, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1992 jinsi alivyoleta kanuni kwamba hairuhusiwi kumwambia mwenzako "huchezi". Kabla ya kuitekeleza aliijadili na watoto wake na hata na wakubwa wa madarasa ya juu, waliompa pingamizi nyingi. Wakati huohuo aliwasimulia hadithi ya kinjozi iliyoendelea siku hadi siku, ya ndege aitwaye Magpie anayewafikia walio wapweke. Hadithi iliwapa watoto lugha ya kulizungumzia jambo, na kanuni ikawa na nguvu pale lugha ilipokosa. Mwalimu, nawe unahitaji vyote viwili. Wiki ya tatu, watoto wakishakuwa na maneno, wajadili kanuni kama hiyo kwa darasa lenu: inahusu michezo ipi, timu ikijaa inakuwaje, anayeingia na kuvuruga afanyweje. Wacha wapinge. Kisha iandikwe, na wewe uisimamie kila siku bila kuchoka.

Kupima, usitumie maswali ya karatasi. Kabla ya kuanza, chagua mapumziko matatu, tazama dakika 10 kila mara, andika nani yuko peke yake, nani alimwita mwenzake, nani aliomba kuingia akakataliwa. Rudia wiki ya tatu na ya sita. Unaweza pia kumwomba kila mtoto aandike kwa siri majina mawili ya anaotaka kufanya nao kazi. Soma peke yako na uangalie nani hakutajwa na mtu. Usiwaulize kamwe nani hawampendi, kwa sababu kulitaja jina la mtu kwa chuki kwenye karatasi ni kuthibitisha kumtenga.

Kama karatasi zinaonyesha kuna hata mmoja aliyemtaja msichana huyo, au ambaye yeye amemtaja, wape wawili hao kazi moja isiyowezekana kwa mtu mmoja: kutunza ile chati ya imani, mmoja akichora huku mwingine akitafuta mstari wa ushahidi kwenye karatasi ya ukutani. Dakika 5 baada ya kila kipande, kwa wiki zote 6, bila kutangaza sababu. Na kama uchunguzi wako utaonyesha kwamba haachwi tu bali anapigwa, anatishwa au ananyang'anywa vitu, usisubiri wiki ya pili ya hadithi. Mlinde kwanza, zungumza na wahusika mmoja mmoja, waite wazazi, mwarifu mwalimu mkuu. Vipande vya kitabu vitaendelea baadaye, kwa ajili ya darasa zima.